Wanandoa Waliopata Mtoto wa Kwanza: Mwongozo kwa Mnasihi Anayeanza, na Namna ya Kuipeleka Kazi kwa Msimamizi

Maswali ya wanasihi wapya kuhusu wanandoa waliopata mtoto karibuni hayabadiliki sana: niwaone pamoja au mmoja mmoja, nikiambiwa siri niifanyeje, mama mkwe aingie kikaoni au abaki nje, na nikifika kwa msimamizi wangu nimweleze nini. Mwongozo huu umeandikwa ili majibu yakae mahali pamoja. Unamhusu mtu aliyekwisha kupata mafunzo ya msingi ya unasihi, anayefanya kazi Tanzania au Kenya, na ambaye wateja wake wako katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua.

Kosa kubwa la anayeanza ni kukimbilia usuluhishi. Wanandoa wanaingia wakigombana, naye anaanza kupima nani ana haki, ilhali hajajua kama mmoja wao ni mgonjwa, kama mmoja wao anapigwa, au kama wote wawili hawajapata usingizi wa kutosha tangu mtoto azaliwe. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kusudi la kukuzuia usisuluhishe mapema.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza kabisa, msimamizi wa kitaalamu, yaani mtaalamu mzoefu unayempelekea kazi yako mara kwa mara ili muipitie pamoja. Makubaliano naye yawe yameandikwa kabla hujampokea mteja wa kwanza: mtakutana mara ngapi, kwa muda gani, utampigia simu katika hali zipi, na nani atashika nafasi yake akisafiri. Kwa anayeanza, saa moja kila wiki si nyingi. Ukiwa Kenya, hakikisha pia kwamba usajili wako uko sawa, kwa sababu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inaidhibiti kazi hii.

Pili, orodha ya rufaa iliyoandikwa kwenye karatasi na si kichwani: kliniki ya mama na mtoto, hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa Tanzania, namba 1195 ya ukatili wa kijinsia kwa Kenya, na namba 116 ya huduma kwa watoto inayotumika katika nchi zote mbili. Piga kila namba mara moja kabla hujaihitaji, ili ujue nani hupokea na lugha gani hutumika.

Tatu, fomu ya ridhaa na mahali salama pa kutunzia kumbukumbu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Daftari linaloachwa juu ya meza ya mapokezi halikubaliki kwa sheria yoyote kati ya hizo, na halikubaliki kwa maadili hata pasipo sheria.

Nne, chumba. Weka viti vitatu vinavyolingana urefu, mkeka au godoro dogo la mtoto, na mahali ambapo mama anaweza kunyonyesha bila kuomba radhi. Tenga dakika 75 hadi 90 badala ya saa moja, kwa sababu sehemu ya muda itachukuliwa na mtoto.

Tano, kipimo cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Vinavyotumika zaidi ni kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 mahususi kwa wanawake waliojifungua, na PHQ-9, ambacho ni cha watu wote.

Mwisho, ujue usichokuwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kufika mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria hiyo. Wapo wateja watakaokuja wakidhani wewe ndiye baraza, au wakitaka barua ya kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Barua hiyo hutoi; unawaelekeza kwenye baraza la kata au la dini yao, na unawaeleza tofauti.

Hatua ya 1: Pokea simu bila kusikiliza kesi

Anayepiga simu huwa mmoja, mara nyingi mke, na wakati mwingine ni mama mzazi, kaka au mshenga aliyesimamia posa. Ukimwacha asimulie yote, utaingia kikaoni ukiwa tayari upande wake. Uliza mambo manne tu: mtoto ana umri gani, nani wanaishi nyumbani, je kuna mtu yeyote aliye hatarini leo, na je mwenzake anajua kuhusu simu hii. Umri wa mtoto si swali la adabu. Mama anayelia siku ya tano baada ya kujifungua na mama anayelia mwezi wa tano wanahitaji mambo tofauti, kama utakavyoona katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kikao cha kwanza cha pamoja, na sheria ya siri

Wasalimie wote wawili kwa heshima inayolingana. Ukimpa mume shikamoo kwa sababu amekuzidi umri, usimpe mke "mambo". Waulize wangependa uwaite vipi. Wengine watafurahia kuitwa Baba na Mama wa mtoto wao, na wengine watakuambia kwamba tangu mtoto azaliwe hakuna anayewaita kwa majina yao wenyewe, jambo ambalo ni taarifa ya kuandika.

Kisha eleza usiri na mipaka yake: hatari kwa maisha, madhara kwa mtoto, na ukweli kwamba kazi yako inasimamiwa na mtaalamu mwingine ambaye hatajua majina yao. Baada ya hapo weka sheria ya siri, na uiweke mbele ya wote wawili kabla hujamwona yeyote peke yake. Mimi napendelea maneno haya: "Nitazungumza na kila mmoja wenu peke yake. Ukiniambia jambo linalogusa ndoa yenu ambalo mwenzako halijui, sitalitangaza, lakini sitaendelea na vikao vya pamoja huku nikilificha. Nitakusaidia utafute namna ya kulisema, au tutasimamisha kazi hii ya pamoja. Mambo ya usalama na ya afya yako mwenyewe ni tofauti, na hayo nitayatunza." Wapo wanasihi wenye sheria nyingine, na baadhi yao hawamwoni mtu peke yake kabisa. Unaweza kuchagua, mradi umechagua kabla na msimamizi wako anajua ulichochagua.

Tahadhari: usiseme "kila kitu ni siri". Mnasihi aliyesema hivyo hujikuta wiki ya tatu akijua habari ya nyumba ndogo ambayo hawezi kuibeba wala kuitua.

Hatua ya 3: Mwone kila mmoja peke yake, kwa wanandoa wote bila ubaguzi

Fanya hivi katika kikao cha kwanza au cha pili, dakika 20 hadi 30 kwa kila mmoja, na uwaambie kwamba ndio utaratibu wa kila mtu. Ukiufanya kwa wale tu unaowashuku, umemtangazia anayepiga kwamba mwenzake ameshtaki.

Lengo la kwanza ni usalama. Swali la moja kwa moja lina nafuu kuliko kuzunguka: "Mkikosana, kuna wakati unamwogopa? Mkono huwa unanyanyuka? Amewahi kukunyima fedha ya chakula au ya kliniki, au kukuzuia usitoke?" Muulize mume pia. Ikiwa kuna vipigo, vitisho au kulazimishwa tendo la ndoa, kazi ya pamoja inasimama. Usilipeleke jambo hilo kwenye kikao cha wawili ili "walizungumze", kwa maana aliyesema ukweli saa nne asubuhi atarudi nyumbani na mwenzake saa sita mchana. Panga naye njia ya kuwa salama, mpeleke hospitali ikiwa ameumia, na mweleze kuhusu dawati la polisi na fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, yaani PF3, au P3 kwa Kenya, bila kumlazimisha. Mpigie msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Lengo la pili ni afya, pamoja na mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya mwenzake. Wanawake wengi hupimwa VVU wakati wa kliniki ya ujauzito, na si wote ambao wamekwisha kumwambia mume majibu. Hali kama hiyo iko katika "afya yako mwenyewe" uliyoahidi kuitunza, na kliniki ina wahudumu waliofunzwa kumsaidia mtu amweleze mwenzake. Fanya kazi pamoja nao.

Hatua ya 4: Tenganisha ugomvi na ugonjwa

Siku za mwanzo baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja, hukasirika haraka na kisha kucheka. Hali hiyo huanza kwa kawaida ndani ya siku chache za kwanza, na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Inahitaji usingizi, chakula na watu wapole. Ikivuka wiki mbili, au ikiwa mama amepoteza hamu ya kila kitu, analala vibaya hata mtoto akiwa amelala, anajiona hafai, au hana hisia zozote kwa mtoto, fikiria sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 ya wanawake waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hufikia asilimia 19.8. Kwa hiyo ukiona jozi tano za wanandoa, usishangae kama mmoja wa akina mama hao ni mgonjwa na si mkorofi.

Kipimo cha Edinburgh kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na alama zake ni kati ya 0 na 30. Wengi hutumia alama 13 kama mahali pa kutoa rufaa, na wengine huanza kuangalia kwa makini zaidi kuanzia 10. Swali la kumi linahusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lolote lisilo "kamwe" linafuatiliwa papo hapo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Usimkabidhi mama karatasi na kalamu kisha ukatoka. Msomee, kaa naye, na mume asiwepo.

Wanaume nao huugua. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba takriban baba mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi cha kuanzia ujauzito hadi mtoto anapotimiza mwaka. Kwa baba inaweza isionekane kama machozi. Tazama hasira za ghafla, pombe iliyoongezeka, kazi zisizoisha, na kuchelewa kurudi ambako mke anakuita kutojali.

Kisha kuna dharura. Mwanamke mmoja au wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua hupata kichaa cha uzazi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: halali kabisa, anasikia sauti, anamshuku kila mtu, anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, na hali yake hugeuka saa kwa saa. Huyu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na hapaswi kuachwa peke yake wala na mtoto. Familia ikisema ni majini, usipoteze muda kubishana kuhusu majini. Sema kwamba wanaweza kuendelea na dua, na kwamba gari la kwenda hospitali linaondoka sasa.

Usisahau mwili. Upungufu wa damu, mshono wa upasuaji unaouma, msamba uliochanika na mkojo usiozuilika huleta huzuni na ukali ambao hautatatuliwa kwa mazungumzo. Muulize mama kama alihudhuria kliniki ya wiki ya sita, na kama hakuhudhuria, aanze huko.

Hatua ya 5: Waombe wakusimulie saa 24 zilizopita

Mpe kila mmoja nafasi ya kusimulia jana yake kuanzia alfajiri hadi alfajiri, mwingine akisikiliza bila kukatiza. Nani aliamka saa nane usiku, nani alifua nepi, nani alikula akiwa amesimama, nani alikwenda kutafuta fedha ya umeme. Zoezi hili halina ufundi mkubwa, lakini linafunua mengi kuliko swali lolote kuhusu hisia. Mara nyingi mume anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mkewe hajaoga tangu juzi, na mke anasikia kwamba mume alikaa ndani ya daladala kituoni akiogopa kuingia nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo uulize habari za arobaini. Katika familia nyingi mzazi hukaa ndani siku 40, anakandwa maji ya moto, anapikiwa mtori au uji wa pilipili manga, na mama yake au mama mkwe ndiye anayeshika mtoto. Mume wakati huo huwa kama mgeni nyumbani kwake, na wengine hulala kwingine. Msaada huo una thamani kubwa. Tatizo ni kwamba huondoka wote kwa mkupuo mmoja, na wanandoa wanaachwa na mtoto ambaye baba hajawahi kumwogesha. Ukiona ugomvi umeanza mwezi wa pili au wa tatu, uliza bibi aliondoka lini.

Uliza na habari za likizo. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3 ndani ya wiki ya kwanza; Kenya humpa mama miezi mitatu na baba wiki mbili. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawapati hata siku moja yenye malipo. Ugomvi unaoitwa wa tabia mara nyingine ni ugomvi wa ratiba.

Hatua ya 6: Tafuta mzunguko wa ugomvi, usitafute mkosaji

Nadharia unayoihitaji hapa ni ndogo. Sue Johnson na Leslie Greenberg, waliobuni tiba inayolenga hisia nchini Kanada katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba wanandoa wengi hukwama katika mzunguko ambapo mmoja anadai na mwingine anajitenga, na kila mmoja huona tendo la mwenzake kama mwanzo wa shari. Mke analalamika kwamba mume amechelewa. Mume ananyamaza na kwenda kijiweni. Mke anapiga simu mara kumi. Mume anazima simu. Naye John Gottman wa Marekani, pamoja na wenzake, walipowafuatilia wanandoa waliopata mtoto wa kwanza, walikuta kwamba kuridhika na ndoa kulipungua kwa takriban theluthi mbili ya wake. Waambie wateja wako takwimu hiyo, kwa sababu wengi wanadhani wao peke yao ndio walioshindwa.

Kazi yako ni kusimamisha mzunguko ukiwa unatokea mbele yako. Sema polepole: "Baba, naomba tusimame hapo kidogo. Mama aliposema hujali, kabla hujanyamaza, ndani yako kulipita nini?" Subiri. Jibu la kwanza litakuwa "hakuna". Subiri tena. Ukishapata neno moja la kweli, kama "nilijiona sifai", mgeukie mke na umuulize kama alijua hivyo. Kisha wachoree mzunguko wote kwenye karatasi, bila kuanza na yeyote, nao waseme kama umepatia.

Sauti zikipanda, usishindane nazo. Mtu ambaye moyo unamwenda mbio hasikii hoja. Mpe mapumziko ya dakika 20 hivi, atoke nje, anywe maji, kisha mrudi. Kitu cha kukomesha mara moja ni dharau: kubeua, kuiga sauti ya mwenzake, kumtukania wazazi. Lawama unaweza kuifanyia kazi. Dharau ukiiacha ipite kikaoni, umeiruhusu.

Hatua ya 7: Zungumzia faragha na hofu ya kubemenda

Wanasihi wapya huiruka hatua hii kwa haya, ilhali ndiyo iliyowaleta wateja wengi. Omba ruhusa kwanza: "Kuna jambo la ndani ambalo wanandoa wengi hupata shida nalo baada ya mtoto. Mtaniruhusu tulizungumze?" Tumia maneno ya heshima, yaani faragha au tendo la ndoa, na uwaache wao wachague kama watatumia mengine.

Uliza waliambiwa nini na wakubwa, somo au kungwi. Utasikia habari za kubemenda: kwamba wazazi wakikutana mapema, au mmoja akitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, mtoto atadhoofika na kuchelewa kutembea. Usicheke, na usitoe mhadhara. Sikiliza imani hiyo inafanya kazi gani ndani ya nyumba. Kwa mama mwenye maumivu au uchovu, inaweza kuwa kinga pekee aliyonayo ya kukataa, na ukimpokonya kwa hoja za kitabibu kabla hajapata ruhusa ya kusema "naumia", umemwacha wazi. Kwa mume inaweza kuwa sababu ya kuhama chumba. Na mtoto anapoharisha au kutoongezeka uzito, imani hiyo hiyo hugeuka ushahidi: mke anamshuku mume, mama mkwe anamshuku mke, na wakati wanatuhumiana mtoto hajapelekwa kliniki. Utaratibu wako uwe mmoja daima, kwamba mtoto anapimwa kwanza na mhudumu wa afya, na maswali ya uaminifu yanasubiri.

Kwa Waislamu, tendo la ndoa halifanyiki wakati wa nifasi, yaani siku za damu ya uzazi, na hilo liheshimiwe bila mjadala. Baada ya hapo, na kwa wateja wote, swali la lini lina majibu mawili yanayopaswa kukubaliana: mwili wa mama umepona, na mama mwenyewe yuko tayari. Uzazi wa mpango waachie kliniki, lakini uutaje, kwa kuwa hofu ya mimba nyingine inaweza kuzima hamu.

Hatua ya 8: Makubaliano madogo ya wiki moja

Usiwape kazi kumi. Chagua jambo moja, la wiki moja, linaloweza kuonekana kama limefanyika au halikufanyika. Mfano: kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita usiku baba ndiye mwenye mtoto, mama analala, mtoto akitaka kunyonya analetwa, ananyonya, na baba anamcheulisha na kumbadilisha. Hivyo mama anapata usingizi na mtoto anaendelea kunyonya maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya kwanza, kama kliniki ilivyoelekeza.

Kisha uliza swali linalosahaulika: nani nyumbani atalipinga? Mama mkwe akimwona mwanawe akibadilisha nepi anaweza kumlaumu mke. Kanuni ni kwamba kila mmoja anazungumza na jamaa zake mwenyewe. Mume afanye mazoezi ya maneno hayo kikaoni: "Mama, shikamoo. Nimeamua mwenyewe kumsaidia mama wa mjukuu wako usiku, naomba uniunge mkono." Akishindwa kuyasema mbele yako, hatayasema mbele ya mama yake, nanyi mtafute makubaliano mengine yaliyo madogo zaidi.

Hatua ya 9: Andika siku hiyo hiyo, kwa ajili ya msimamizi

Baada ya kikao andika mambo matatu: kilichotokea, hasa dakika tano ngumu zaidi kwa maneno yao kadiri unavyoyakumbuka, ulichohisi wewe, na ulichofanya au kutofanya. Toa majina, mtaa, mahali pa kazi na kabila. Msimamizi anahitaji kujua kwamba mtoto ana miezi mitatu na bibi ameondoka. Hahitaji kujua ni nyumba ipi Kinondoni.

Hatua ya 10: Ingia kwa msimamizi ukiwa na swali moja

"Nina wanandoa wagumu" si swali. "Kwa nini kila mke akilia mimi humgeukia mume na kumhoji?" ni swali. Brigid Proctor wa Uingereza aliigawa kazi ya usimamizi katika sehemu tatu: kulinda viwango na maadili, kukuza ujuzi, na kumrudishia nguvu mfanyakazi. Ukiona kila mara mnaishia kwenye ya kwanza tu, mwambie. Na ikiwa msimamizi wako ndiye pia bosi anayeamua mkataba wako, hutamwambia ulichoharibu. Omba mwingine kwa ajili ya kazi hii.

Jichunguze umeegemea upande gani. Njia rahisi ni kuangalia nani unamtazama zaidi, unamkatiza nani, na ukifika nyumbani unamwaza nani. Mnasihi mwenye mtoto mchanga nyumbani, au aliyelelewa na mama aliyeteseka, ana sababu ya ziada ya kulizungumza hili mapema.

Jambo la kushangaza, ambalo Harold Searles, daktari wa akili wa Marekani, aliliandika mwaka 1955, ni kwamba uhusiano wa mteja hujirudia ndani ya usimamizi. Ukijikuta umenyamaza mbele ya msimamizi anayekuuliza maswali mengi, kama yule mume anavyonyamaza mbele ya mkewe, sema hivyo kwa sauti. Hapo mna mzunguko mezani, na mnaweza kuutazama bila kukisia.

Hali zisizosubiri siku ya kikao cha usimamizi ni hizi: vipigo au vitisho, mawazo ya kujiua, hatari yoyote kwa mtoto, dalili za kichaa cha uzazi, na mvuto wa kimapenzi kati yako na mteja. Hizo ni za simu, leo.

Mambo yakikwama

*Mmoja hataki kuja.* Mwone aliye tayari, lakini mweleze kwamba sasa hiyo ni kazi ya mtu mmoja. Baadaye mwingine akikubali kuingia, mpe kwanza kikao chake peke yake, au fikirieni na msimamizi kumpeleka kwa mnasihi mwingine.

*Mtoto analia kikao kizima.* Usiwaombe wamtoe. Tazama nani anamchukua, nani anatoa maelekezo, na nani anageuza uso. Hiki ndicho kikao chenyewe.

*Unaulizwa kama umeoa au una mtoto.* Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha uliza wasiwasi wao: "Sina bado. Mnahofia nisiwaelewe kwenye lipi?" Kujitetea kwa vyeti huwafanya wasikuamini zaidi.

*Wanataka useme nani ana makosa.* Waambie kwamba wakitaka hukumu wapo wazee na baraza, na kwamba wewe unaweza kuwaonyesha jinsi wanavyofikishana hapo. Wakisisitiza kwa vikao viwili, huenda usuluhishi ndio wanaouhitaji kwa sasa, na kuwaelekeza huko si kushindwa.

*Mama mkwe amefika mlangoni.* Msalimie kwa heshima zote, mpe kiti na maji mapokezini, na umweleze kwamba leo ni zamu ya wazazi wa mtoto. Akihitajika, aje kikao kimoja chenye ajenda moja, wanandoa wote wawili wakiwa wamekubali kabla.

*Mmoja amekiri uhusiano wa nje akiwa peke yake.* Rudi kwenye sheria uliyoiweka katika hatua ya 2. Mpe muda uliokubaliwa, kwa mfano wiki mbili, wa kuamua kama atasema au mtasimamisha kazi ya pamoja. Usiongoze kikao cha pamoja katika muda huo.

*Hakuna msimamizi karibu.* Kubalianeni na mtaalamu wa mji mwingine mkutane kwa simu ya video, kila mmoja akiwa kwenye chumba kilichofungwa, na muunde kikundi cha wanasihi wenzenu watatu au wanne mnaokutana kila mwezi. Kikundi kinasaidia, lakini hakitoshi kwa mwaka wa kwanza wa kazi. Ikiwa huna kabisa mtu wa kumpigia siku ya dharura, chukua wateja wa mmoja mmoja kwanza, na wanandoa uwaelekeze kwingine hadi utakapompata.